Siku wali ulipogeuka kitoweo

Jioni moja nilipakua chakula changu kama siku zote, kisha kabla ya kula nikaweka sahani nyingine tupu juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha sifuri, nikaanza kuhamishia wali kijiko kwa kijiko. Nilitaka kujua tu. Mizani ikasimama kwenye gramu 410.

Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga wa gramu 28 hivi. Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na wanga wa gramu 115 kwa mlo mmoja, mbali na mkate wa asubuhi, viazi vya mchana na sukari ya chai. Pembeni ya rundo lile palikuwa na kipande cha samaki na mboga za majani zisizofika vijiko vitatu.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa mlafi. Wengi tulionenepa tumeambiwa hivyo mpaka tukaamini. Nilikuwa nakula sahani ileile niliyopakuliwa tangu utotoni, kwa mpangilio uleule: chakula ni wali, au mkate, au viazi, na vilivyobaki vyote ni kitoweo. Lugha yenyewe inatulea hivyo. Kitoweo ni kitu cha kutowelea, kinachosindikiza chakula kishuke kooni. Mtu anaweza kula nyama, mayai na kabichi akasimama akasema bado hajala chakula, na hakuna atakayemshangaa.

Katika miezi 20 iliyofuata nilibadilishana nafasi za hivyo viwili. Samaki, mayai, maharage na mboga vikakaa katikati ya sahani, wali ukasogea pembeni ukawa kitoweo. Sikuufukuza, na ndiyo maana bado niko kwenye njia hii mpaka leo. Nilikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 163. Leo nina 77.

Kabla ya hapo nilishajaribu njia ya mkato. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe alinipa karatasi iliyosema nisile wanga kuzidi gramu 20 kwa siku: tunda marufuku, maharage marufuku, hata karoti marufuku. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Nilitoka bafuni natokwa na machozi ya furaha.

Hakuna aliyenieleza zile kilo zilikuwa nini. Mwili huweka akiba ya wanga kwa umbo liitwalo glaikojeni, gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu moja hukaa na takribani gramu tatu za maji. Ukikata wanga ghafla akiba ile inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo. Hapo unaweza kupoteza karibu kilo mbili wakati mafuta ya tumboni yako palepale. Isitoshe, insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, ikishuka figo huachia chumvi zaidi, na chumvi hutoka na maji yake. Kichwa kiliniuma siku nne mfululizo na nikipanda ngazi miguu ilikuwa mizito. Karatasi ikasema hiyo ni sumu inatoka. Haikuwa sumu, nilikuwa nimepungukiwa maji na chumvi.

Wiki ya sita nilikuwa nimesimama kwenye sinki naosha vyombo vya usiku. Kwenye sahani ya binti yangu kulikuwa na ganda la mkate alilolibakiza, upande mmoja limelowa mchuzi. Nikalitia mdomoni kabla sijafikiri. Nakumbuka jinsi lilivyokuwa laini pale penye mchuzi na gumu kwenye ncha, na jinsi mate yalivyojaa. Kisha nikakausha mikono, nikafungua kabati, nikala mkate uliobaki nikiwa nimesimama, bila siagi, bila chai. Mpango ule haukuwa na mahali pa kuweka hata kipande kimoja cha mkate, kwa hiyo kilipoingia kimoja ukavunjika wote. Kilo saba nilizopunguza zilirudi, na juu yake zikaongezeka mbili. Kwa mwaka mzima nilijiona mtu asiye na msimamo.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipokutana na habari za William Banting. Alikuwa mzee wa London, kazi yake kusimamia mazishi, na alipofika miaka 66 alikuwa na kilo 92 kwa kimo cha mtu mfupi. Aliandika kwamba hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na kwamba alishuka ngazi kinyumenyume ili kupunguza mzigo magotini. Alijaribu kupiga makasia, na kila alipopiga makasia njaa ilizidi. Daktari wake, William Harvey, alimwambia apunguze mkate, sukari, bia, maziwa na viazi. Mwaka 1863 Banting alichapisha kijitabu kueleza yaliyompata. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alipungua kilo 21.

Kilichonigusa ni jambo ambalo wanaomsimulia hulipita haraka. Alikuwa bado anakula kipande kidogo cha mkate mkavu wa kuchoma, na matunda. Mvinyo pia alikunywa, na wala si kidogo, ila hilo simwigi. Huyu aliyefanywa babu wa wakata wanga wote hakukata. Alipunguza.

Sasa kupunguza ni kiasi gani? Wataalamu wengi huita mlo wenye wanga chini ya gramu 130 kwa siku kuwa wa wanga kidogo, na ule wa chini ya gramu 50 kuwa wa wanga kidogo sana, ambao huusukuma mwili kutengeneza ketoni, yaani nishati itokanayo na mafuta badala ya sukari. Mtu anayekula kilokalori 2,000 zenye wanga nusu yake anapata gramu 250. Mimi nilikuwa juu ya hapo. Nikaamua kukaa kati ya gramu 110 na 130, na nikaona kwamba hapo panatosha kuishi: kipande kimoja cha mkate asubuhi, gramu 15 hivi, tunda moja, 20, bakuli dogo la maharage mchana, 30 hivi, wali wa usiku gramu 100 au zaidi kidogo, 30, mboga za siku nzima, kama 20, na mtindi usiotiwa sukari, 10. Nilipima kwa mizani wiki tatu za mwanzo tu. Baada ya hapo jicho lilishajua, nikairudisha mizani kabatini. Sipendi maisha ya kupima kila tonge, na sidhani yanampendeza yeyote.

Niseme wazi kwamba wanga kidogo si dawa ya ajabu. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga kwa miezi 12. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi, yapunguze sukari na unga mweupe, na yapike nyumbani inapowezekana. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kilo nyingi sana na hata walioongezeka. Nilipousoma sikuvunjika moyo, nilipumua. Nikaelewa kwamba ninaruhusiwa kuchagua njia ninayoweza kuipika na kuila miaka mingi. Mimi nikipunguza mafuta mno njaa hunishika saa mbili baada ya kula. Nikipunguza wanga nikaongeza mayai, samaki na maharage, natulia. Mwenye mwili tofauti na wangu achague upande wake bila aibu.

Tena kuna onyo ninalolichukulia kwa dhati. Mwaka huohuo, jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 15,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 25 hivi. Waliokula wanga kidogo sana na waliokula wanga mwingi sana, wote walikuwa na vifo vingi kuliko waliokuwa katikati. Na waliopunguza wanga wakajaza nafasi kwa nyama na siagi walikuwa na hali mbaya kuliko waliojaza kwa karanga, mikunde na vyakula vingine vya mimea. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo, hilo nalijua. Lakini ulinitosha kuamua kwamba nafasi iliyoachwa na wali wangu haitajazwa na soseji.

Basi tuingie jikoni, maana huko ndiko kazi ilikofanyika.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni mkono wangu wa mafuta. Nilizoea kuinamisha chupa juu ya sufuria na kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Siku moja nikamimina vilevile, ila kwenye kikombe cha vipimo. Vilitoka vijiko vikubwa vitano. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya aina yoyote, kina kilokalori 120 hivi, kwa sababu gramu ya mafuta hubeba kilokalori 9 wakati ya wanga au protini hubeba 4. Wapo wanaosema ukipunguza wanga unaweza kumimina mafuta upendavyo. Mimi sikubaliani nao. Sasa kijiko kinaning'inia kwenye msumari karibu na jiko, na sufuria ya watu wanne inapata vijiko viwili.

Ukipunguza mafuta, kitunguu kinataka subira. Kikate chembamba, kitie kwenye mafuta ya moto wa wastani, nyunyizia chumvi kidogo ili kitoe maji yake, kisha kiache. Dakika tano za mwanzo kinalia na kutoa mvuke. Sauti ikianza kukauka na kingo zikageuka rangi ya asali, mimina maji vijiko viwili, kwangua chini ya sufuria kwa mwiko, acha yakauke tena. Rudia mara mbili au tatu. Unapata kitunguu kilichoiva kama kilichoogelea kwenye mafuta, na utamu wake unaingia kwenye kila kitu kitakachofuata. Hapo ndipo natia kitunguu saumu na tangawizi, dakika moja tu, halafu nyanya, na nyanya nazipika mpaka zinaachana na sufuria. Mboga iliyoungwa hivi hailiwi kwa kuvumilia. Inaombwa.

Nasisitiza ladha kwa sababu niliona wapi watu wanaangukia. Wanapunguza wali, lakini kabichi inabaki ile ya zamani, iliyochemka mpaka ikalegea, ambayo miaka yote ilivumilika kwa kuwa wali ulikuwa unaibeba. Ukiondoa wa kubeba, kabichi lazima isimame yenyewe. Siku hizi naikata nyembamba kama uzi, nawasha moto mkali, kikaango kinapashwa mpaka tone la maji linarukaruka, natia kijiko kimoja cha mafuta, bizari nzima, kisha kabichi kwa mafungu mawili ili kikaango kisipoe. Dakika nne. Inabaki na mlio chini ya jino na madoa machache ya kuungua, ambayo ndiyo matamu. Limau mwishoni, nje ya moto. Bilinganya na koliflawa nazipeleka kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 25 hivi, zimepakwa kijiko kimoja cha mafuta, zimetandazwa bila kubanana, kwani zikibanana zinachemka badala ya kuchomeka. Najua wapo wanaosaga koliflawa ili waiite wali. Siwakatazi, ila ulimi wangu unajua wali ni upi, na koliflawa ni tamu zaidi ikiachwa iwe koliflawa.

Maharage na adesi niliyarudisha mezani baada ya lile karatasi kuyapiga marufuku, na nayatetea kwa nguvu zote. Gramu 100 za adesi zilizoiva zina wanga wa gramu 20, lakini karibu gramu 8 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na juu yake kuna protini gramu 9. Nyuzinyuzi hazigeuki sukari kwenye damu. Nyingine hufika utumbo mpana zikalisha bakteria wa huko, nyingine hutengeneza ute mzito unaochelewesha chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na mtu anayekata wanga kwa kukata mikunde na matunda hafiki hapo. Nayaloweka usiku, namwaga maji, nayapika sufuria kubwa mara moja kwa wiki, nayagawa kwenye vyombo, mengine friji, mengine yanagandishwa.

Nimeona pia faida ya kiporo. Wali au kiazi kilichoiva kikapoa kwenye friji usiku mzima, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, ikafanya kazi karibu na nyuzinyuzi, na hata ukipasha moto tena si yote inayorudi ilivyokuwa. Faida ni ndogo, isitangazwe kama muujiza. Jambo la kushika ni kwamba wali upoe haraka na uingie friji ndani ya saa moja hivi, kwa sababu kuna bakteria ambaye mbegu zake huvumilia kupikwa, na wali ukilala mezani huzaana na kuacha sumu isiyoondoka kwa kupasha.

Jambo jingine dogo: naanza na mboga na samaki, wali naula mwisho. Utafiti mdogo wa mwaka 2015, uliofanywa New York kwa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kwamba chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huo, sukari ya damu hupanda kidogo kuliko mkate ukitangulia. Watu 11 ni wachache, lakini mimi nimeliona kwa shibe: nikifika kwenye wali, gramu 100 zinatosha.

Binti yangu aliuliza wiki ya kwanza tu, akitazama sahani yangu, "Mama, chakula chako kiko wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Hicho ni kitoweo." Sikumbadilishia sahani yake. Ana miaka 12, anakua, anacheza mpira, wali wake anaupata wote. Nilichofanya ni kupika chungu kimoja kwa wote na kila mtu akapakua kwa mizani ya mwili wake. Sikutaka aniige kwa hofu, na sikusema neno "mnene" mbele yake hata mara moja. Miezi mitatu baadaye nilimkuta anakwangua kikaango cha kabichi kwa kidole.

Kuhusu kupika nyumbani, utafiti ulionishika kuliko yote ni wa Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani ya kituo kwa siku 28. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wakiambiwa wale kiasi watakacho. Sukari, mafuta, nyuzinyuzi na wanga vilivyowekwa mezani vililinganishwa. Hata hivyo, kwa vyakula vya viwandani walikula takribani kilokalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Nilikuwa nimejilaumu miaka na miaka kwa kukosa nidhamu mbele ya pakiti za biskuti. Vyakula vile ni laini, vinamezwa haraka, na kalori zimesongamana ndani yake kabla tumbo halijatuma habari. Siku hizi nidhamu yangu naitumia dukani, mara moja kwa wiki. Kisichoingia nyumbani hakinisumbui usiku.

Vinywaji sina mengi ya kusema. Kopo la soda la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi, na bilauri ya juisi halisi haiko mbali na hapo. Asali ni sukari. Tunda likiliwa zima halijawahi kumnenepesha mtu ninayemjua. Chai nilishusha sukari kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kisha nusu, wiki mbili kwa kila hatua. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyohivyo hukipunguza.

Lengo nililojiwekea mwanzoni lilikuwa dogo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililolenga kupungua asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwangu asilimia 7 ilikuwa kilo sita na kidogo. Hiyo ikawa safari nzima kwa wakati ule. Nilipofika, nikapumzika mwezi mmoja bila kupungua wala kuongezeka, ndipo nikaweka nyingine. Kwa wastani nimepungua chini ya kilo moja kwa mwezi. Rafiki zangu waliokuwa wakipungua kilo nne kwa mwezi walinionea huruma. Sikuwajibu, nilikuwa na kabichi motoni.

Kwenye kilo 82 nilikwama wiki 11. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ila kujiandaa hakuondoi uchungu wa kupanda mizani kila Jumamosi na kuona namba ileile. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa, na zaidi ya hapo hujibana. Hall na wenzake waliwapima watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika shindano la televisheni, na miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inaunguza takribani kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili unatetea akiba yake, na anayekwama asiambiwe anadanganya.

Katika zile wiki 11 kilichoniokoa ni tepu ya fundi wa nguo. Unaipitisha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, unatoa pumzi kawaida, huvuti tumbo. Kipimo kinachoshauriwa ni kiuno kisichofika nusu ya urefu. Kwangu nusu ni sentimita 81 na nusu. Nilianza na 104. Wakati mizani imenuna, tepu ilishuka kutoka 96 hadi 93, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuinua vitu vizito mara mbili kwa wiki na kuhakikisha kila mlo una protini ya kutosha. Anayepungua bila hayo hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ni ya kuangaliwa kama mali. Leo niko 87. Bado sijafika.

Kuna jambo lazima niliseme polepole. Kaka yangu ana kisukari na alikuwa akitumia glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini upende usipende. Aliona ninavyopungua, akapunguza wali nusu siku hiyohiyo, dawa akaiacha kiwango kilekile. Hakuniambia. Siku ya tatu, mchana, akanipigia. "Dada, mikono inatetemeka. Jasho linanitoka na nimekaa tu kwenye kiti."

Nikamwambia apime. Sukari ya damu ilikuwa milimoli 3.1 kwa lita, wakati chini ya 4 tayari ni hatari kwa mtu wa dawa hizo. Nikamwambia akoroge vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, akae chini, asikate simu. Baada ya dakika 15 akapima tena, 4.4, akala mkate na yai, mkewe akampeleka hospitali jioni hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya aina ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku. Zile dakika 15 nilizitumia kujilaumu. Nilikuwa nimesifu sahani yangu mbele ya ndugu zangu wote bila kuuliza nani anameza nini.

Kwa hiyo mwenye kutumia insulini au dawa za kundi lile aonane na daktari kabla ya kugusa wali wake, maana dozi hupunguzwa pamoja na wanga. Dawa za kisukari ambazo majina yake huishia na gliflozini zina hatari yake mahsusi kwa anayekata wanga sana: damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda. Mwenye dawa ya presha anaweza kupata kizunguzungu uzito ukishuka. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla bila kupimwa damu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, na aliyewahi kuteswa na tabia ya kujinyima chakula, hawa wasichukue mpango wangu wala wa mtu yeyote waliyemsoma mahali.

Daktari wa kaka alimpunguzia dozi, akampa ratiba ya kupima, akamruhusu kupunguza wali kidogokidogo. Sasa ni mwezi wa saba tangu hapo. Wifi anasema amemfukuza jikoni mara mbili kwa kuwa anaharibu vitunguu, moto wake ni mkali mno. Jana usiku alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia kitu kinachemka, ananiuliza mbona kabichi yake inatoa maji na yangu haitoi.

Nikamjibu: "Kaka, umefunika. Funua, ongeza moto, na usiijaze yote mara moja."